Kabla kiinua mgongo hakijawa matofali

Askari anapokaribia kustaafu, simu yangu haipumziki. Sisi tuliokulia kambini Naguru, hapa Kampala, Uganda, tunajuana, na wazazi wetu wakifikia umri huo swali ni lile lile: tuhamie wapi? Nyumba ya kambi ni ya serikali. Kazi ikiisha, unarudisha ufunguo. Kiinua mgongo kinaingia benki, na hata hakijapoa dalali ameshapata habari. Haupiti muda mrefu utasikia mzee amenunua kiwanja mahali alipopaona mara moja tu, mchana wa jua kali, akiwa amekaa kiti cha mbele cha gari la huyo huyo dalali.

Nawaandikia hao, na watoto wao wanaotumwa kuzunguka kutafuta nyumba. Nikizungumzia mitaa ya Wakiso, wilaya inayopakana na Kampala, inayokua kwa kasi, msimamo wangu ni huu: uhukumu mtaa kwa siku yake mbaya kabisa ya sasa, wala usiuhukumu kwa yale unayoahidiwa, na ukae hapo kama mpangaji misimu yote miwili ya mvua kabla hujanunua hata futi moja.

Tazama jinsi upande wa Kira ulivyojaa. Northern Bypass, ile barabara ya kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, ilifunguliwa mwaka 2009, na tangu hapo Naalya, Kyaliwajjala, Najjera na Bulindo hazijapumua. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta Wakiso ina watu karibu milioni 2. Ile ya 2024 ikakuta wamepita milioni 3. Nyumba zimeongezeka kuliko mitaro, kuliko mabomba, kuliko barabara za ndani. Sehemu kubwa ya wilaya haina bomba la majitaka kabisa, na kila familia inajichimbia shimo lake.

Nianze na maji, maana hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Kampala na Wakiso ni nchi ya vilima na mabonde. Mvua ikinyesha, maji ya upande mmoja yanashuka kwa mabonde ya Nakivubo na Kinawataka hadi Ziwa Victoria. Ya upande wa pili yanaingia kinamasi cha Lubigi, yanafuata mto Mayanja mpaka mto Kafu. Wajenzi wa kwanza walikaa juu, wa sasa wanashuka chini kwa sababu chini ndiko kuna bei nafuu. Lakini kila paa jipya linalowekwa juu ya kilima, na kila uwanja unaotandikwa vitofali vya saruji, unapeleka maji mengi zaidi bondeni, tena kwa haraka zaidi. Ndiyo maana hoja ya "hapa sijawahi kuona mafuriko" hainishawishi. Yule anayesema hivyo anaweza kuwa mkweli, na bado kiwanja kikafurika mwaka ujao kwa ajili ya nyumba zilizojengwa nusu kilomita juu yake.

Niliwahi kumsindikiza sajenti mmoja mstaafu kuona nyumba iliyokuwa inauzwa bondeni, chini ya Kyaliwajjala. Rangi mpya nje, vigae vipya sebuleni, lango la chuma linang'aa. Kilichonishtua ni soketi za umeme. Zote zilikuwa zimepandishwa hadi usawa wa kifua, na chini yake ukutani yalionekana mabaka ya saruji pale soketi za zamani zilipozibwa. Nyuma ya ukuta wa ua magimbi yalikuwa yamestawi kuliko shamba la mtu, na mbele yake mafunjo. Kando wamepanda mikaratusi, na mikaratusi hupandwa bondeni ili inywe maji. Sajenti akauliza habari za mvua. "Afande, maji hapa hupita tu, hayakai," dalali akajibu. Mama mmoja jirani alikuwa anaanika nguo. Nikamsalimia na kumuuliza vivyo hivyo. Hakubishana na mtu. Akasema, "Ingia kwangu uone vitanda vyetu vimepandishwa juu ya matofali mangapi."

Mambo ya namna hiyo hayapo kwenye hati. Na hata hati yenyewe haikukingi ukiwa ndani ya ardhi oevu. Katiba ya mwaka 1995 imeziweka ardhi hizo chini ya serikali kama mdhamini wa wananchi wote, na mwaka 2024 tuliona nyumba zikibomolewa Lubigi huku wenyewe wamesimama pembeni na magodoro. Moyo wangu uliwauma watu wale, kwa sababu wengi wao ni watu wa kipato kidogo walioamini neno la muuzaji. Kwa hiyo ukiona mafunjo, ondoka. Ukiona mafunjo yamefukiwa kwa kifusi cha udongo mwekundu, ondoka upesi zaidi.

Tena usitazame chini peke yake. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la taka za Kampala huko Kiteezi liliporomoka baada ya mvua kubwa likafunika nyumba, na zaidi ya watu 30 walikufa. Mlima ule wa taka ulikuwa ukionekana kutoka mbali miaka mingi. Watu waliishi chini yake kwa sababu kodi ilikuwa wanayoimudu na kwa sababu ukishakaa mahali macho yanazoea. Mgeni ana faida moja ambayo mwenyeji hana: bado anashangaa. Tumia mshangao huo kabla haujaisha.

Halafu barabara. Hakuna maneno yaliyouza viwanja vingi Wakiso kuliko "lami inakuja". Labda kweli inakuja. Wewe fanya hesabu zako kana kwamba haiji, kisha uone kama bado unapataka mahali hapo. Nenda Aprili, au Novemba, muda wa saa mbili baada ya mvua, kwa miguu, kutoka steji ya taksi hadi mlangoni. Angalia pia upana wa njia za ndani. Mwenye shamba akikata viwanja vya futi 50 kwa 100 anabana njia ili apate kiwanja kimoja zaidi, na anayelipia ni wewe siku shimo la choo likijaa. Gari la kunyonya maji machafu ni lori. Lisipoweza kuingia na kugeuka, hakuna wa kukusaidia. Ambulensi vivyo hivyo, na gari la zimamoto. Mimi nikionyeshwa nyumba huuliza kwanza lori linapita wapi, halafu ndiyo naangalia jiko.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni watoto. Pita Kira au Gayaza saa kumi na moja alfajiri uwaone wamesimama gizani na mabegi, watoto wa darasa la kwanza na la pili, wakisubiri gari la shule. Baba amepata kiwanja cha bei rahisi mbali, shule nzuri iko karibu na mjini, na tofauti ya bei inalipwa na usingizi wa mtoto wa miaka sita. Sikubali kabisa kuiita hiyo nafuu. Kabla ya kusaini chochote, panga safari nzima ya asubuhi: mtoto anaamka saa ngapi, foleni ya Kireka na Banda kwenye barabara ya Jinja inakula muda gani, nauli inapanda kiasi gani mvua ikinyesha. Wanaotazama Namugongo wakumbuke pia kwamba kila tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, mahujaji wanamiminika kwa miguu kutoka kila pembe na barabara za huko zinafungwa. Mimi naipenda siku hiyo. Mwenye duka au mgonjwa ndani ya nyumba lazima ajipange mapema.

Upande wa Entebbe una hesabu yake. Barabara ya mwendo kasi iliyofunguliwa mwaka 2018 inakufikisha mjini upesi, ila tangu Januari 2022 gari dogo linalipa shilingi 5,000 kila linapopita. Kwenda na kurudi kila siku ya kazi ni zaidi ya 200,000 kwa mwezi. Iongeze kwenye kodi ya Kajjansi ndipo ulinganishe.

Kuhusu umiliki nitasema machache, lakini msiyaruke. Ardhi nyingi ya Wakiso ni mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ambapo mmoja ana hati na mwingine ana kibanja, yaani haki ya kukaa, juu ya ardhi hiyo hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mwenye kibanja halali, lakini anayetaka kukuuzia kibanja lazima kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kukinunua na apate ridhaa yake. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, ni ushahidi mzuri kwamba watu wanamjua muuzaji. Haumfanyi kuwa mmiliki. Hati ipelekwe ofisi ya ardhi ikakaguliwe, na kama ni ardhi ya familia, mke au mume wa muuzaji akubali kwa maandishi. Mwanasheria awe wako, asiwe wa dalali.

Nikija kwenye majirani, hapa naongea kama mtoto wa kambi. Tulikaa chumba kimoja, lakini mama akichelewa sokoni tulikula kwa jirani, Mwacholi au Mteso au Mnubi, na Kiswahili kilitutosha sote. Ukitoka huko ukaingia mtaa wa kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu, mzee anaweza kuugua siku kadhaa mtu asijue. Nimeona wastaafu wakinyong'onyea kwenye nyumba nzuri. Kwa hiyo tafuta mtaa ambao tayari una watu: soko dogo, msikiti au kanisa lenye waumini wa jioni, zahanati ambayo muuguzi wake anaishi karibu, mkutano wa LC1 unaofanyika kweli. Kama kuna Waswahili wenzako, heri zaidi, maana mstaafu aliyetoka Arua au Soroti hataanza kujifunza Kiganda cha mikutano leo.

Kwa usalama, mwulize kijana wa bodaboda pale steji: saa nne usiku unanipeleka kule kwa shilingi ngapi? Akitaja bei ya kawaida, vizuri. Akitaja mara tatu, au akisema atakushusha kwenye taa za mwisho, ameshakueleza yote.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki: ukipanga unamlipa mwingine, na ardhi inapanda bei huku wewe unatalii. Nalijibu hivi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamzuia mwenye nyumba kuongeza kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inataka mkataba wa shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Basi dai maandishi hayo. Pesa yenyewe si lazima ilale bure. Benki Kuu ya Uganda inawauzia watu wa kawaida dhamana za serikali kuanzia shilingi 100,000, na riba yake inaweza kubeba sehemu ya kodi. Kiwanja kitapanda, ndiyo. Lakini kiwanja cha bondeni hakipandi kama cha mlimani, na kilichojaa kesi hakiuziki hata kwa bei uliyonunulia.

Mimi leo ningepanga Bweyogerere au Kireka, sehemu za juu, karibu na reli ya Namanve na barabara ya Jinja, hata kama ni vyumba viwili tu, nikaangalia mvua za Machi na za Septemba. Mwingine atapendelea Matugga ili afuge kuku, na kama ana usafiri na watoto wamemaliza shule, sina neno.

Kwa watoto wa wastaafu nina ombi moja. Acheni kuwapigia wazazi simu kila jioni mkiuliza msingi utamwagwa lini. Wengi wanaharakisha kwa sababu wanaona aibu mbele yenu kuitwa wapangaji. Mwambieni baba kwamba hamna aibu naye, mchangie kodi ya miezi michache kama mnaweza, kisha mfuatane naye siku ya mvua mkatazame hicho kiwanja.