Vigango vya Wamijikenda: kurudishwa ni haki, kutunzwa ni hoja nyingine

Mjadala wa kurudisha mali za kale ukizuka, hoja ya makumbusho ya Ulaya na Marekani ni moja: huko kwenu hamna uwezo wa kuvitunza. Kwa shaba za Benin, zile sanamu za kale za Nigeria, tunaweza kubishana. Kwa vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hoja hiyo haina mashiko kabisa.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa nakshi za pembetatu, husimikwa kwa ajili ya mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha siri cha wazee. Marehemu huwajia watu wa ukoo ndotoni, au maradhi yakaandama boma, hadi asimikiwe kigango anachodai. Kikishasimikwa hakiondolewi, hata boma likihama. Hufungwa vitambaa, humiminiwa pombe ya mnazi, na mvua na mchwa vikikila, hakuna aliyezembea, ndivyo kilivyokusudiwa. Sasa kukikinga na mchwa ndani ya kabati la vioo Marekani ni kumtunzia nani?

Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kigiriama, moja ya jamii za Wamijikenda, akiwa kando ya vigango viwili vya nduguze. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Kimoja kilikuja kutambuliwa mwaka 1999 katika makumbusho ya jimbo la Illinois, shukrani kwa picha ile. Familia ilikipokea mwaka 2007. Mzee alikuwa ameshafariki.

Wanaosita kuvirudisha nao wana yao ya kusema. Walioviiba mara nyingi walikuwa vijana wa huko huko, wakauza kwa bei ya kutupa. Makumbusho mengi yalivipokea kama zawadi, vingine kutoka kwa waigizaji wa Hollywood. Vingi havina kumbukumbu ya boma vilikotoka. Na hata nia njema hukwama: makumbusho ya Denver yaliamua mwaka 2014 kuachia vigango 30, vikafika Kenya 2019, baada ya mvutano wa ushuru wa forodha ya Kenya. Aibu hiyo ni yetu, tuseme ukweli.

Lakini uzembe wa forodha haumpi mnunuzi wa mali ya wizi hati ya umiliki. Kilichobaki ni kuamua vile visivyo na boma linalojulikana viende wapi, na hapo Nairobi isijifanye mwenye mali. Wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ndio waulizwe. Wakisema visimikwe nje vioze, wahifadhi wavumilie.