Karanga za kusubiri bei: gesi au mfuko usiopitisha hewa?

Bei ya karanga hushuka wakati wa mavuno, na mkulima wa Dodoma au Tabora anayeweza kungoja miezi michache huuza vizuri zaidi. Anachoogopa ni wadudu. Fungua kiroba cha karanga zilizobanguliwa kilichokaa muda mrefu: punje zimeshikamana kwa nyuzi nyeupe za viwavi wa nondo, na penye punje zilizovunjika wamejaa wale wadudu wadogo wa kahawia tunaowaona kwenye unga.

Wanaotetea gesi ya fosfini, sumu ya kuulia wadudu wa ghalani, wana hoja nzito. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi, nayo hupenya mpaka katikati ya rundo la magunia. Mwenye ghala la tani nyingi hana njia nyingine ya bei hiyo, hasa baada ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, kuzitaka nchi zinazoendelea ziache matumizi ya kawaida ya methili bromidi, gesi nyingine ya kuulia wadudu, ifikapo 2015. Lakini gesi hiyo inataka turubai lisilovuja, siku kadhaa za kungoja na mtu aliyefunzwa. Kidonge kikitumbukizwa kwenye kiroba chumbani, gesi huvuja hadi kwa watoto waliolala chumba cha pili, na wadudu sugu hubaki hai wakazaliana. Hapo sioni cha kujadili: gesi haina nafasi ndani ya nyumba ya kulala.

Mifuko isiyopitisha hewa iitwayo PICS, iliyobuniwa kwa ajili ya kunde za Kameruni, ina matabaka mawili ya plastiki ndani ya kiroba. Wadudu humaliza oksijeni iliyomo, huacha kula, kisha hukauka, kwa kuwa maji ya miili yao hutegemea chakula hicho. Hakuna sumu. Ubaya wake ni bei, mara kadhaa ya kiroba cha kawaida, na panya mmoja akiutoboa kazi yote imeharibika.

Karanga zenye maganda hazishambuliwi sana na wadudu hao wawili, ila hujaza mifuko mingi zaidi, na gharama inapanda. Ndiyo maana watu hubangua mapema. Na hapo kuna jambo linalonisumbua kuliko wadudu wenyewe: kina mama wanaobangua kwa mkono hulowesha maganda ili yalainike, maana vidole huchubuka. Unyevu huo hukaribisha ukungu na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, ambayo ikishaingia haitolewi na gesi wala mfuko. Kuwalaumu si haki. Wapatiwe mashine za kubangua za mkono, zinunuliwe hata kwa kikundi, kabla ya kuhubiriwa mifuko.

Wanunuzi nao wana sehemu yao. Anayepima kilo tu bila kupima unyevu huwalipa zaidi walioleta karanga zisizokauka, na aliyekausha kwa siku nyingi huondoka na pesa pungufu.