Saa 48 zinaanza lini?

Ijumaa, saa tisa alasiri, walikuja kumchukua mdogo wangu nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, mbele ya watoto wake. Kosa: deni. Alichukua mifuko ya unga kwa mama mmoja wa soko, akachelewa kulipa. Deni, jamani! Mambo ya deni yanapelekwa tribinale ya amani, mahakama ndogo, mtu analipa pole pole. Lakini ukilibatiza jina la "kuvunja uaminifu", linageuka kuwa jinai, na jinai ina kasho, yaani mahabusu.

Nikafika kituoni jioni. Ofisiye wa polisi akaniuliza kama nimekuja na karatasi. Nikatoa kitambulisho. Hapana, mama, karatasi nyeupe za kuandikia peve (maandishi rasmi ya kesi), sisi hatuna. Nikavuka barabara kwa kijana anayeuza karatasi, kalamu na sigara pale mbele (huyo ndiye ameielewa sheria kuliko sisi wote), nikanunua kumi. Yaani nimelipia karatasi za kumshitaki mtoto wa mama yangu. Ofisiye akaziweka kwenye droo, hakuandika hata neno moja.

Jumamosi: shefu hayuko. Jumapili: leo ni siku ya Bwana, mama. Jumatatu mchana ndipo peve ikaandikwa, na pale juu kabisa: mtuhumiwa amefikishwa mbele yetu leo Jumatatu. Usiku tatu juu ya saruji zimefutwa kwa kalamu. Nikamwambia ofisiye saa 48 zimekwisha tangu jana. Akanijibu kwa upole, kama mwalimu: "Mama, zinahesabiwa tangu peve. Ndiyo prosedire, ndiyo utaratibu."

Prosedire! Kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006 kinasema mtu hawezi kushikiliwa zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya mahakimu. Hakikutaja Jumapili. Hakikusema saa itasimama kungojea shefu arudi. Kinasema pia mtu aelezwe mashitaka yake kwa lugha anayoielewa. Mdogo wangu alitia sahihi Kifaransa ambacho hakukisoma.

Siku ile ile nilileta barua ya kuomba aachiliwe. Ikakataliwa, kwa sababu niliiandika kwa mkono. Ipigwe kwa mashine, nakala mbili, halafu nirudi kesho. Hapo ndipo damu ilinichemka. Ikiwa ni karatasi yangu, prosedire ni jiwe. Ikiwa ni mwili wa mtu, prosedire ni laini kama bukari (ugali) ya moto, kila mmoja anamega anapotaka.

Mjomba akasema niache ubishi, nitoe matabishi, yaani hongo, mambo ya vifungu ni ya wazungu. Wengi wenu mtasema hivyo hivyo, na ninajua ni njia fupi. Lakini sikilizeni kilichomtoa. Jumanne alipelekwa parke, ofisi ya mwendesha mashitaka. Substiti, yaani naibu wa mwendesha mashitaka, dada kijana tu, hakupiga kelele. Aliangalia ile peve, akaangalia shati la mdogo wangu, akamuuliza: "Umelala usiku ngapi?" Nne. Akaagiza rejista ya kasho iletwe. Na mle, mlinzi wa zamu, mtu ambaye hakuna aliyemwambia adanganye, alikuwa ameandika kwa mkono wake: Ijumaa, saa kumi. Mstari mmoja! Saa sita mchana mdogo wangu alikuwa nje, na yule mama wa unga akaambiwa apeleke deni lake panapohusika. Alistahili kulipwa, sikatai.

Haya, nakubali, shingo upande, kwamba hao maofisiye mshahara unachelewa, ofisi haina karatasi, umeme unakuja ukijisikia. Lakini kuandika tarehe ya kweli hakuhitaji umeme. Ile sheria yetu ya mashitaka ya jinai ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, Mbelgiji alikuwa bado hapa, na bado tunashindwa na kitu kidogo kama tarehe. Habari za kesi kuahirishwa kila wiki sizianzi leo, tutalala hapa.

Jana nilimpa mdogo wangu shauri: siku nyingine wakija, kabla ya yote piga picha ya saa, uitume kwangu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Yaya, dada yangu, si simu ndiyo walichukua ya kwanza?"