Bangkok si Pratunam tu

Sisi wa Kariakoo tunaijua Bangkok kwa mtaa mmoja: Pratunam. Unatua, unachagua nguo, unakabidhi mzigo kwa wakala, unarudi nyumbani na picha tatu za hotelini. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka safari ile mzigo wangu ulipochelewa siku mbili na nikachoka kukaa chumbani. Nikapanda kivuko, nikavuka Mto Chao Phraya hadi wilaya ya Thon Buri, kwenye mtaa wa Kudi Chin.

Ayutthaya, mji mkuu wa Siam (Thailand ya leo), ilipoteketezwa na jeshi la Burma mwaka 1767, mfalme Taksin aliweka makao yake Thon Buri. Mwaka 1769 akawapa Wareno kiwanja pale kando ya mto. Ndio, Wareno hawa hawa wa Fort Jesus. Kwetu walituachia ngome na maneno kama meza na leso. Kule kumebaki kanisa la Santa Cruz, ambalo jengo lake la sasa ni la 1916, na vichochoro vyembamba ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja hujibanza ukutani.

Jirani na kanisa kuna hekalu la Wachina la Kian Un Keng, kisha hekalu la Wabuddha, Wat Kalayanamit, na sanamu yake ya Buddha kubwa ajabu. Mbele kidogo unaukuta msikiti wa Bang Luang, na hapo nilisimama sana. Hauna kuba wala mnara. Ni mweupe, paa la kijani, umejengwa kwa mtindo wa mahekalu ya Kithai, nakshi zake za maua. Nguzo zake ni 30, na wenyeji huzihesabu sawa na juzuu 30 za Kurani.

Waandishi wa utalii wakifika hapa husifia upendo wa dini zote. Mimi mfanyabiashara naona hesabu zaidi. Taksin alikuwa na nchi iliyobomoka, akahitaji watu wanaojua bunduki, merikebu na biashara; hakuuliza wanasali wapi. Upendo, kama upo, ulikuja baadaye, kwa kukopeshana chumvi.

Kilichonivuta zaidi ni harufu ya keki. Wanaiita khanom farang, yaani kitafunwa cha Wazungu: mayai ya bata, unga wa ngano na sukari, basi. Hakuna siagi, maziwa wala hamira. Mayai na sukari hupigwa mpaka yaumuke, kisha mchanganyiko hutiwa kwenye vikombe vya bati, juu zabibu kavu na sukari. Kwa jadi huokwa kwa makaa chini na makaa juu. Nilicheka peke yangu. Si ndivyo bibi zetu wa pwani wanavyopika mkate wa mayai, sufuria jikoni na makaa juu ya kifuniko?

Kwa hiyo nikisikia mtu anaita Kudi Chin makumbusho, nakataa. Makumbusho hayanuki sukari inayoungua. Familia zinazooka zimebaki chache, na kanisa linaweza kukarabatiwa na serikali, lakini mkono unaojua wakati wa kupunguza makaa haukarabatiwi. Nendeni mkanunue.

Nilinunua pakiti nne. Moja ilifika Dar. Shangazi alimega kipande, akatafuna taratibu macho kayafumba, akauliza: "Iliki wameiweka wapi?"