Karanga zinaweza kungoja, embe haziwezi

Kila Nane Nane, pale Nzuguni Dodoma, mabanda ya wajasiriamali hujaa vikopo vya siagi ya karanga. Karibu kila mwenye kikopo ameshapita kwenye semina akaambiwa asiuze mazao ghafi, aongeze thamani. Sina ugomvi na semina. Ninachouliza ni hiki: zao lenyewe, likingoja, linaoza?

Karanga zilizokauka vizuri hungoja. Mwenye magunia matano anaweza kuyaweka ndani miezi kadhaa huku akisikilizia bei. Kwa hiyo anayesaga siagi anashindana na jirani aliyekaa tu. Tupige hesabu ya mfano. Kilo moja tuiweke shilingi 3,500. Ukishakaanga, ukapepeta maganda na kuchambua, zinabaki gramu 900 hivi: vikopo viwili vya gramu 400 na masalia ya watoto kulamba. Ukiuza kila kikopo 4,000, unapata 8,000. Toa karanga, toa 1,400 ya vikopo na lebo, toa 800 ya mkaa na kusaga. Inabaki 2,300, na nauli bado, na mama aliyeshinda jikoni hajalipwa. Wengi huiita hiyo faida. Mimi naiita kibarua, tena cha bei ndogo.

Embe ni habari nyingine. Msimu ukikolea, miti ya kijiji kizima huivisha kwa wakati mmoja na shambani bei huanguka hadi mtu anaona hasara kukodi gari. Ukizikausha, kilo 10 hadi 15 za embe mbivu hutoa kama kilo moja, kwa hiyo usitarajie mzigo mkubwa. Lakini hapo unashindana na jalala. Nyanya za Ilula, kule Iringa, ni hivyo hivyo pale matenga yanapokosa mnunuzi. Ila anayetengeneza sosi asisahau ndimu au siki, maana asidi ya nyanya peke yake haitoshi kila mara kuzuia vijidudu hatari ndani ya chupa iliyofungwa.

Watetezi wa siagi wana hoja moja ambayo sijaweza kuivunja. Gunia likiuzwa, pesa huja mara moja, na mara nyingi huishia mfukoni mwa baba. Kikopo huleta elfu nne leo, elfu nane Jumamosi, na huyo aliyekaanga ndiye anayezishika. Kwa nyumba yenye ada na dawa za kulipia, hiyo si hesabu ndogo, hata kama jumla ya mwaka inalingana.

Halafu kuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na nafaka. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kukaanga hakuiondoi. Kishawishi cha msindikaji wa nyumbani kinajulikana: karanga nzuri zinauzwa nzima, zilizosinyaa na kuvunjika zinasagwa. Hizo ndizo zenye hatari zaidi, na zikishakuwa siagi hakuna jicho litakaloziona. Ndiyo maana siungi mkono wanaosema Shirika la Viwango (TBS), lililokabidhiwa usimamizi wa chakula mwaka 2019, linawasumbua wanyonge tu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Hakuna anayeipima kwa ulimi.

Lakini malalamiko yao nayo yana uzito. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hupata unafuu wa ada. Kinachomshinda ni chumba. Anatakiwa kusindika mbali na jiko la familia, penye sakafu inayosafishika na maji ya uhakika. Chumba hicho hakijengwi kwa 2,300 ya kilo moja. Kikundi cha watu kumi kikitumia chumba kimoja kwa zamu kinaweza, mradi mtunza ufunguo asigeuke kuwa mwenye kiwanda.

Na hata ukiipata nembo ya TBS, usikimbilie supamaketi. Huko ni mali kauli: unaacha mzigo, pesa zinafuata zikitaka. Uchumi, kampuni ya supamaketi ya Kenya, ilipofunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015, wasambazaji walibaki na ankara mkononi. Mwalimu anayechukua vikopo vitatu kila mwisho wa mwezi, na kulipa palepale, hana rafu ya kioo wala taa, ila ukimpelekea mzigo unarudi na nauli.