Grisi haiumi, ndiyo maana tunaidharau

Tulikuwa wawili, tunapiga grisi beringi za mkanda wa kubebea mizigo. Nipo moja, kile kichuchu cha chuma cha kuingizia grisi kwenye beringi, ilikuwa imeziba. Mimi nilikuwa nasukuma mkono wa bomba la grisi, mwenzangu ameushikilia mdomo wa mpira kwa mkono wa kushoto ili usichomoke. Mkono wa bomba ukawa mgumu, nikaongeza nguvu. Akaguna, akautoa mkono wake, akakitazama kidole cha shahada. Palikuwa na kitone kimoja chekundu, kidogo kama alama ya sindano ya kushonea. Akakifuta kwenye ovaroli, akaniambia, "Endelea fundi, si kitu." Nikaendelea.

Jioni kidole kilikuwa kimevimba na kupauka. Usiku hakulala. Asubuhi akaenda kutibiwa, akapewa dawa za maumivu akarudishwa nyumbani, kwa sababu aliyempokea aliona anachokiona mtu yeyote: kidole chenye kitundu kisichoingia hata unywele. Siku ya pili alipelekwa kwa daktari wa upasuaji. Kidole kilipasuliwa kuanzia nchani hadi katikati ya kiganja, na njia nzima ya ule mshipa wa kano unaokunja kidole ilikuwa imejaa grisi ileile ya kahawia tuliyokuwa tunaisukuma.

Miaka imepita na bado naandika kuhusu jambo hili, kwa sababu karibu kila karakana ninayoingia nakuta hakuna anayelijua. Tunaogopa msumeno, tunaogopa umeme, tunaogopa mtungi wa gesi. Grisi tunaipaka mikononi kama losheni. Haichomi, hainuki sana, haitoi moshi, na mtu anaweza kuishika siku nzima asione chochote siku hiyo. Mimi nasema hatari yake iko hapohapo, katika huo utulivu wake.

Tuanze na presha. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa kama psi 32 (psi ni kipimo cha presha). Ngozi ya binadamu inaweza kutobolewa na umajimaji unaotoka kwenye tundu jembamba kwa presha ya kama psi 100. Bomba la grisi la mkono, lile la kawaida kabisa linaloning'inia ukutani, linaweza kufikisha psi 10,000 likisukumwa dhidi ya nipo iliyoziba. Kwa hiyo mpira ukiwa na ufa mwembamba, au ule mdomo unaoishika nipo ukiwa umechakaa, grisi hutoka kama uzi wa chuma. Inapita kwenye ngozi bila kuipasua, ikifika ndani inakosa pa kwenda, inafuata njia iliyo rahisi, ambayo ni ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka kano, na inaweza kusafiri mpaka kiganjani na hata zaidi. Huko inabana mishipa midogo ya damu, nyama inakosa damu, kemikali zake zinaanza kuichokoza, na vijidudu vilivyoingia nayo vinapata mahali pazuri pa kuzaliana.

Maumivu huchelewa. Mara nyingi kwa saa kadhaa za mwanzo mtu husikia ganzi tu, au kidole kizito kama si chake. Na saa hizo ndizo zinazoamua. Madaktari wa mikono husema jeraha la namna hii linahitaji kufunguliwa na kusafishwa mapema, ndani ya saa 6 hivi ikiwezekana, na wasipowahi kidole kinaweza kukatwa. Kwa hiyo nikuombe jambo moja: ukitobolewa na bomba la grisi, la rangi au la mafuta ya haidroliki, acha kazi hapohapo hata kama huumwi. Usikikamue kidole, usikinyonye, usisubiri kuona kama kitavimba. Vua pete. Inua mkono. Usile wala kunywa, maana huenda ukahitaji kulazwa usingizi wa upasuaji. Chukua kopo la grisi au karatasi yake ya taarifa za usalama uende nayo hospitali, na ukifika usiseme "nimejichoma kidole." Sema, "Nimeingiziwa grisi kwa presha kubwa, namtaka daktari wa upasuaji." Maneno hayo mwenzangu hakuyajua, na mimi niliyekuwa nasukuma sikuyajua pia.

Ripoti ya kazini iliandika "uzembe wa mfanyakazi." Neno hilo liliniuma kuliko vyote. Mpira ule ulikuwa na nyufa zinazoonekana kwa macho. Nipo ilikuwa imezibwa na vumbi la miezi, na hakuna aliyekuwa ametufundisha kwamba nipo iliyoziba haisukumwi kwa nguvu. Hufunguliwa, ikasafishwa au ikawekwa nyingine. Hakuna aliyetuambia kwamba presha hutolewa kwanza kabla ya kuuchomoa mdomo, wala kwamba mvujo wa mpira hautafutwi kwa kidole. Hutafutwa kwa kipande cha boksi unachokipitisha taratibu kandokando ya mpira: grisi itatoboa boksi badala ya kukutoboa wewe. Mtu asiyefundishwa hayo akaumia, mzembe ni nani?

Sasa nije kwenye ngozi, maana huko ndiko wengi wetu tunakoumia bila hata kitone chekundu.

Grisi ni mafuta yaliyoshikiliwa na sabuni. Si fumbo. Asilimia 70 hadi 95 yake ni mafuta, mara nyingi ya madini, yaani yatokanayo na mafuta ghafi yachimbwayo ardhini, na kinachoyazuia yasimwagike ni kikazishi, ambacho kwa grisi nyingi za leo ni sabuni ya lithiamu, inayotengenezwa kwa asidi itokanayo na mafuta ya mbarika. Baki yake ni viungo: vya salfa na fosforasi vya kuhimili uzito, zinki, molibdenamu, grafaiti, dawa za kuzuia kutu. Ngozi haidhuriki kwa kuguswa na hayo mara moja. Inadhurika kwa kukaa nayo siku nzima, siku sita kwa wiki. Vinyweleo vinaziba, vinatoka vipele vyeusi mikononi na mapajani, pale ambapo ovaroli iliyolowa inagusana na mwili. Wengine ngozi inakauka, inapasuka, inawasha, na ikishaanza kuvikataa viungo fulani huenda isivikubali tena.

Lakini kinachoiharibu mikono ya mafundi kuliko grisi yenyewe, kwa maoni yangu, ni namna tunavyoitoa. Petroli. Dizeli. Thina. Mchanga uliochanganywa na sabuni ya unga. Petroli inayeyusha grisi kweli, na inayeyusha pia mafuta ya asili yaliyokuwa yanailinda ngozi yako, na ndani yake kuna benzini, kitu kinachojulikana kusababisha saratani ya damu. Ukishanawa nayo, grisi ya kesho inakuta mlango wazi. Nimewaona vijana wakinawa petroli mbele ya msimamizi, na msimamizi ananawa baada yao kwenye ndoo hiyohiyo. Sabuni ya mikono ya karakana ipo, si anasa, na hata sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu hufanya kazi ukipaka krimu ya kukinga kabla ya kuanza. Upepo wa kompresa usiutumie kujisafisha kabisa. Nao unaweza kupenya kwenye ngozi.

Kuna na lile tambara la mfuko wa nyuma. Kila fundi analo. Limelowa grisi na oili, linakaa kwenye paja kuanzia asubuhi mpaka jioni, likipenya kitambaa. Hapa historia ina la kusema. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, wanaume waliohudumia mashine za kusokota nyuzi walirushiwa mafuta ya kulainishia kwenye nguo zao, sehemu za kinena, kwa miaka mingi. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester waliandika juu ya wasokotaji wengi waliokuwa wakiugua saratani ya ngozi ya korodani. Kanuni maalumu za kuwalinda zilikuja mwaka 1953. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati. Mwaka 1968, mahakama nchini humo iliamua kesi ya mjane wa fundi wa mashine aliyekufa kwa saratani hiyohiyo baada ya miaka ya kuegemea mashine zenye mafuta. Ilibainika kwamba daktari wa kiwanda aliijua hatari hiyo, lakini wafanyakazi hawakuonywa wala kupimwa mara kwa mara. Mahakama ikaamua kwamba kiwanda ndicho kilichozembea.

Nieleweke vizuri. Mafuta ya siku zile hayakusafishwa kama ya leo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linayaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa, au yaliyosafishwa kidogo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na yale yaliyosafishwa sana haliyaweki humo. Grisi nzuri ya leo, kutoka kopo lenye maelezo, hutengenezwa kwa mafuta ya kundi hilo la pili. Tatizo ni kopo lisilo na maelezo: grisi iliyopimwa kutoka pipa kubwa ikatiwa kwenye ndoo ya rangi, mtu anakuambia "hii ni nzuri, ona ilivyo nyekundu." Rangi ni dai tu, watengenezaji huitia watakavyo. Haikuambii kikazishi ni nini, haikuambii mafuta yake yalisafishwa kiasi gani. Na grisi kuukuu unayoikwangua kwenye beringi imeshapikwa kwa joto na imebeba unga wa chuma uliosagika. Hiyo shughulikia kama kitu kingine kabisa, na usiipake tena popote.

Kila grisi inapaswa kuja na karatasi ya taarifa za usalama yenye vipengele 16. Idai. Huhitaji kuisoma yote: soma kipengele cha 2 cha hatari zake, cha 4 cha huduma ya kwanza na cha 8 cha vifaa vya kujikinga, ukiwa umekaa, kabla hujaifungua ndoo.

Kwa habari ya glavu, nina ugomvi na watu wa pande zote. Za ngozi na za nyuzi hunyonya grisi na kuikandamiza kwenye mkono kama bandeji, afadhali usivae. Za nitrili, aina ya mpira wa kutengenezwa, nyembamba, zinafaa, zibadilishwe zikichanika. Ila karibu na shafti inayozunguka glavu ya aina yoyote ni mtego, inashikwa na kuuvuta mkono. Mashine izimwe, ifungwe isiwashwe na mtu mwingine, ndipo upige grisi. Na kama beringi ni lazima ipigwe grisi ikiwa inazunguka, basi ivutiwe bomba dogo la kudumu hadi nje ya kizuizi cha mashine, mkono usiingie humo kabisa. Na glavu hazizuii grisi ya psi 10,000. Asikudanganye mtu.

Oksijeni ni jambo la kutisha zaidi katika yote haya. Vali ya mtungi wa oksijeni ikikaza, fundi asiyejua hupaka grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu, kama anavyofanya kwa kila kitu kinachokaza. Katika oksijeni yenye presha kubwa, mafuta na grisi huweza kuwaka ghafla, kwa mlipuko, bila cheche wala moto wa nje. Joto la gesi kubanwa ghafla unapofungua vali latosha. Hata alama za vidole vyenye grisi kwenye riguleta, kile kifaa cha kurekebisha presha ya gesi, ni nyingi mno. Mtu anayeshughulikia mitungi anawe kwanza, abadilishe glavu, aache lile tambara mbali.

Na sigara. Grisi nyeupe fulani zina PTFE, plastiki ile isiyonata. Ikikaa mikononi haina neno kubwa. Lakini ukishika sigara kwa vidole vyenye grisi hiyo, ukaiwasha, chembe zake zinaungua kwenye joto la ncha ya sigara na kutoa moshi unaoleta homa: mtetemeko, kifua kubana, mwili kuuma saa chache baadaye, kama mafua makali. Kwa kawaida hupita kwa siku moja au mbili, na wengi hawajui ilitoka wapi. Wanalaumu hewa.

Mengine mnayajua: iliyomwagika sakafuni ifunikwe kwa mchanga au unga wa mbao na kuzolewa palepale, ikiwaka usiipige maji ya mkondo bali poda au povu, ikiingia jichoni suuza kwa maji dakika 15, ikimezwa usimtapishe mtu.

Wapo wanaoniambia kwamba mikono myeusi ndiyo cheti cha fundi. Nimekulia katika kazi hii, naielewa fahari hiyo, lakini siikubali tena. Fundi hodari hujulikana kwa beringi inayozunguka bila kelele. Na kwa wanaosimamia karakana: beseni lenye maji, sabuni ya kweli, mpira mpya wa bomba na makopo yenye majina ni vitu vinavyonunuliwa kabla ya mtu kuumia. Msiviite gharama za ziada.

Mwenzangu bado tunafanya naye kazi. Kidole chake hakikunji. Akishika spana kinabaki kimenyooka, kama anaonyesha kitu. Kijana mpya akija kujifunza, humwita kando na kumnyooshea mkono wa kushoto. "Kikunje," humwambia. Kijana hujaribu kwa woga, kidole hakiendi. Humwonyesha kovu kutoka nchani hadi kiganjani, halafu pale nchani, ambapo hapaonekani chochote. Kisha humkabidhi bomba la grisi na kipande cha boksi.