Wafuasi 14,000, Wateja Wanne

Dada yangu ana duka la mapazia Sinza, Dar es Salaam, nami ndiye ninayemfungia hesabu kila mwisho wa mwezi. Mwaka juzi aliingia mkataba wa miezi mitatu na mshauri wa masoko ya mitandaoni, kwa ada ya shilingi 350,000 kwa mwezi, na juu ya ada hiyo kila mwezi akawa anatoa shilingi 150,000 za matangazo ya Instagram na Facebook. Mkataba ulipokwisha, ukurasa wa duka ulikuwa umetoka wafuasi 1,900 hadi 14,000, na mshauri akatukabidhi ripoti ya kurasa kumi na mbili yenye michoro ambayo kila mstari wake ulikuwa unapanda. Mimi nilikuwa na daftari la mauzo. Tangu siku ya kwanza ya mkataba nilikuwa nimemwomba binti anayeuza dukani amuulize kila mteja mgeni swali moja, “Umetujuaje?”, na aliandike jibu pembeni mwa jina. Kwa miezi mitatu, wateja waliojibu kwamba walituona kwenye matangazo yale walikuwa wanne.

Faida ya oda moja ya mapazia kwa nyumba ya kawaida, ukishatoa gharama ya kitambaa, fundi cherehani, bomba na bodaboda wa kupeleka mzigo, kwetu ni kama shilingi 90,000. Tulitumia shilingi 1,500,000, maana yake kila mmoja kati ya wale wanne alitugharimu shilingi 375,000 ili atuachie 90,000. Hesabu hii ya darasa la tano haikuwamo popote katika zile kurasa kumi na mbili, na hadi leo naamini kwamba mshauri ambaye ripoti yake haina mahali pa kuandika mauzo amekwisha kukueleza thamani yake mwenyewe.

Hata hivyo sitamwita kijana yule tapeli, kwa sababu alituuzia wafuasi na wafuasi tukawapata. Kosa lilianzia kwetu, tuliodhani kwamba tunanunua wateja. Matangazo ya mitandao hii huuzwa kwa mnada unaoendeshwa na kompyuta, na kompyuta hiyo hutii lengo uliloliandika. Ukiiambia unataka watu wa kupenda picha, itakutafutia watu wenye tabia ya kupenda picha, ambao ni wengi, wa bei nafuu, na pengine wako Songea au Bukoba wakitazama mapazia usiku kwa kujiburudisha tu. Ukiiambia unataka watu wa kukuandikia ujumbe WhatsApp, itakutafutia wachache zaidi na wa bei ghali zaidi, lakini walio karibu na kufungua pochi. Mshauri wetu alichagua njia ya kwanza kwa sababu ndiyo inayopandisha mistari. Nilipomuuliza kwa nini hakufunga tangazo lizunguke Sinza, Kijitonyama, Mbezi na Kimara, maeneo ambayo fundi wetu anaweza kwenda kupima madirisha na kurudi siku hiyo hiyo, alijibu kwamba kufanya hivyo kungepunguza idadi ya watu waliofikiwa. Jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa, na ndilo lililonifumbua macho.

Idadi zenyewe nazo zina historia ya kutia shaka. Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti bandia kwa mkupuo, na watu mashuhuri wakaamka wamepoteza wafuasi kwa mamilioni. Justin Bieber peke yake alipungukiwa na zaidi ya milioni tatu. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa ikiwapa watangazaji wastani uliotiwa chumvi wa muda ambao watu hutazama video. Kampuni ya Procter & Gamble, ambayo haikosi fedha za kulipa wataalamu, ilipunguza zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya mtandaoni katika robo ya Aprili hadi Juni 2017, kisha ikasema haikuona athari ya maana katika ukuaji wa mauzo. Ikiwa muuza sabuni wa dunia nzima hakuona tofauti, muuza mapazia wa Sinza ana haki ya kuuliza maswali mawili matatu kabla ya kutuma hela kwa simu.

Jambo lililoniuma zaidi kuliko fedha lilijitokeza baada ya mkataba kwisha. Akaunti ya matangazo ilikuwa imefunguliwa kwa barua pepe ya mshauri, na ukurasa wa Instagram ulikuwa umehamishiwa namba yake ya simu, eti kwa ajili ya usalama. Ilituchukua wiki tano za simu zisizopokelewa, na hatimaye upatanisho wa mjomba wetu mmoja anayefahamiana na familia yake, ndipo dada akarudishiwa ukurasa wenye jina la duka lake mwenyewe. Siku hizi, rafiki akiniomba ushauri kuhusu mshauri, swali langu la kwanza ni hili: nywila zitakuwa mikononi mwa nani? Akaunti ifunguliwe na mwenye duka, kwa namba ya mwenye duka, malipo ya matangazo yatoke kwenye kadi ya mwenye duka, na mshauri apewe ruhusa ya kufanya kazi ndani yake, ruhusa ambayo inaweza kuondolewa jioni ile ile mkiachana. Mshauri anayelikataa sharti hili haniumizi kichwa tena. Namshukuru kwa muda wake. Orodha ya namba za wateja nayo si karanga za kugawa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mteja aliyekuachia namba yake ili umjulishe mapazia yakiwa tayari hakukuruhusu umpe mtu wa tatu amtumie matangazo ya mikopo.

Mwaka jana dada aliniambia amepata mshauri mwingine. Nilinuna. Safari hii alikuwa mama mmoja aliyewahi kuuza viatu mtandaoni kabla ya kugeukia kazi ya ushauri, na kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa lile daftari. Alilisoma kwa karibu saa nzima bila kugusa simu yake. Kisha akafungua simu ya duka, akaenda kwenye jumbe za Instagram, akahesabu watu waliouliza bei katika siku thelathini zilizopita: walikuwa 61. Waliojibiwa ndani ya saa moja walikuwa 9, na waliobaki walijibiwa kesho yake au hawakujibiwa kabisa, kwa kuwa binti wa dukani alikuwa akihudumia wateja waliosimama mbele yake na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mle ndani ya simu nako kuna foleni. Miezi mitatu tuliyokuwa tukilipia watu waje, huenda wengine walifika mlangoni kweli wakakuta pamefungwa. Hapo ilinibidi nimrudishie yule kijana wa kwanza sehemu ya heshima niliyokuwa nimemnyang’anya, ingawa bado najiuliza kwa nini yeye hakuwahi kuzihesabu jumbe hizo.

Mama huyo alitoza shilingi 200,000 kwa siku mbili. Alimwagiza dada aache mtindo wa “bei njoo DM”, yaani kumtaka mteja aulize bei kwa ujumbe wa faragha, na aandike bei ya mita moja chini ya kila picha. Alimfundisha binti kurekodi video fupi inayoonyesha namna ya kupima dirisha kwa futi kamba. Aliandaa majibu ya maswali matano yanayojirudia na kuyahifadhi kwenye WhatsApp ya biashara. Na aliweka tangazo dogo linalomfungulia mtu mazungumzo ya WhatsApp moja kwa moja, likizunguka maeneo manne tu. Dada alipomuuliza ada yake ya kila mwezi, alimwambia hana haja ya kumlipa kila mwezi.

Najua wapo ambao biashara zao haziwezi kutosheka na siku mbili. Hoteli ya Zanzibar inayotafuta wageni wa Ujerumani, au kampuni ya utalii Arusha ambayo mteja wake hajawahi kukanyaga Afrika, inahitaji mtu wa kudumu anayejua lugha, majira ya likizo na tabia za wageni hao. Lakini hata huko ningependa kujua kama mshauri anayajua mazingira ya anakouza. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na kwa miaka iliyofuata watu wa huko wakawa wanaingia kwa VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao. Na hapa kwetu mtandao wa X ulizimwa Mei 2025. Mtu anayekuuzia kifurushi cha “Afrika Mashariki nzima” bila kuyataja hayo anauza ramani asiyoijua.

Wapo pia wanaopendekeza mshauri alipwe kamisheni kwa kila mauzo. Zamani nililiunga mkono wazo hilo. Tangu nilipoziona zile jumbe 61 nimelegea, kwa maana si haki mtu akuletee wateja na wewe uwaache barazani, kisha umwambie hajafanya kazi.

Daftari bado lipo, na safu ya “Umetujuaje?” haijafutwa. Mwezi uliopita iliandika WhatsApp tisa, Instagram watatu, majirani watano, na saba walioletwa na fundi mmoja wa madirisha ya alumini anayefanya kazi Goba, ambaye akimaliza kufunga kioo humwambia mwenye nyumba wapi atapata pazia. Fundi huyo hana hata simu janja, wala hatujawahi kumlipa chochote. Dada ameamua kuanza na kamisheni yake yeye. Yule mama wa siku mbili tutamwita tena tukifungua duka la pili Kigamboni, ambako bado hakuna anayetujua.